Shashi, Yangeyange na Mgongo wa Nyati

Nina hadithi.

"Tupe."

Ina damu na ina kicheko.

"Tupe hivyo hivyo."

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakijuliana hali, ndege Shashi alifiwa na mumewe. Akabaki na makinda watatu kwenye tundu la mti, na mgongo wa Mzee Nyati, ambako alidonoa kupe kila siku. Alimshukuru Mungu kwa mgongo ule.

Udhia wake ulikuwa mmoja: Yangeyange, ndege mweupe wa miguu mirefu, aliyezunguka chini, kwatoni pa Nyati, akidonoa majanini.

"Bwana Yangeyange, kwenu hakuna ng'ombe?"

"Wapo. Ila hawana jirani mwenye maneno kama wewe."

Kupe mmoja mnene, aliyejificha sikioni mwa Nyati, akasikia. "Dada Shashi," akasema kwa upole, "unataka huyo aondoke? Usitule siku tatu tu. Kila akisogea, sisi tutauma. Nyati atadhani ni yeye."

"Na mimi nile nini?"

"Vumilia, dada. Kisha Nyati mzima ni wako."

Shashi akawalisha watoto vidudu vya mtini, asiguse kupe hata mmoja.

Siku ya kwanza Yangeyange akasogea, kupe wakauma. Nyati akapiga mkia.

Siku ya pili Yangeyange akasogea, kupe wakauma. Nyati akapiga kwato.

Siku ya tatu Yangeyange akasogea, kupe wakauma. Nyati akainamisha pembe.

"Nimekula majani yako, mzee?" akauliza Yangeyange huku akiruka kwenda bwawani.

"Umenila mimi."

Shashi akacheka, nusura aanguke.

Kesho yake akaanza kula. Akala kupe kumi, wakapanda ishirini. Akala ishirini, wakapanda arobaini. Walitoka majanini, wakakwea miguuni. Ndipo Shashi akajua Yangeyange alikuwa akidonoa nini huko chini. Jioni Nyati akapiga magoti, akalala ubavu. Vidudu vya mtini vilikuwa vimekwisha; akifa Nyati, makinda nao watakufa.

Shashi akaruka hadi bwawani. "Kaka Yangeyange, rudi."

"Leo mimi ni kaka?"

"Nimekosa. Nilikula njama na kupe."

"Hayo usiniambie mimi. Kamwambie mwenye pembe. Nitasimama karibu, nisikie vizuri."

Shashi akaenda, akasema yote, neno kwa neno. Nyati akapumua kwa uzito.

"Ningekuwa na nguvu ningekuchapa mkia. Kwa kuwa sina, fanyeni kazi."

Yangeyange akashika miguu na majani, Shashi akashika mgongo. Siku ya tatu Nyati akasimama.

"Dada Shashi," akalia yule kupe mnene sikioni, "si tulipatana?"

"Tulipatana siku tatu," akasema Shashi. "Zimekwisha." Akammeza.

Funzo lake ni hili: Mungu aliwapa wale wawili riziki mahali pamoja, kila mmoja na upande wake. Ukitaka kumfukuza jirani, tazama kwanza ni nani aliyekushauri.

Hadithi yangu imetua. Aliyeisikia ampe mwenzake.