Ua wa Sultani Badiri

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Badiri, aliyelipenda gari la moshi kuliko alivyowapenda wake zake. Akalijengea stesheni kubwa karibu na jumba lake. Kati ya stesheni na mtaa wa Shangweni, wanakokaa watu wa kawaida kama mimi na nyinyi, palikuwa na uwanja wa wote. Watoto walicheza hapo, wazee walipiga bao, akina mama walianika ukili wa kusukia mikeka. Katikati ilipita njia ya miguu. Mtu alitoka kwake na chai mkononi, akapanda gari kabla chai haijapoa.

Asubuhi moja Sultani akachungulia dirishani. Uwanja ukampendeza, watu hawakumpendeza. Akauzungushia ukuta, akaweka mlango mmoja upande wa mtaani na mwingine upande wa stesheni, kila mlango na bawabu wake. Kisha mbiu ikapigwa: "Kuanzia leo uwanja huu ni ua wa nyumba ya Sultani! Wapita njia wazungukie kwa wachuna ngozi!"

Jamani, huko kwa wachuna ngozi mmewahi kupita? Kama bado, shukuruni.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bi Mize, mjane aliyewauzia vitumbua abiria wa gari la asubuhi. Akizunguka, anakuta gari limekwenda, vitumbua vimepoa na vinanuka ngozi. Watoto wake wakawa wanakula vitumbua asubuhi, mchana na jioni, mpaka wakiona karai la mafuta wanaangua kilio. Bi Mize akachoka. Siku moja akangoja bawabu apige miayo, akapenya. Akakamatwa mlango wa pili, kapu kichwani, akapelekwa barazani.

Sultani alikuwa na wajumbe wa nchi jirani, waliokuja kuitazama stesheni. Tangu walipofika alikuwa akiwasimulia ukarimu wake, na wao wakiitikia kwa adabu, midomo imejaa halua.

"Ewe mwanamke! Umeingia nyumbani kwangu bila hodi!"

"Hodi nilipiga, Maulana. Aliyeitika ni mbuzi wako. Nikadhani leo zamu yake."

Mjumbe mmoja akapaliwa na halua.

"Usinichezee! Uwanja ule ni wa nani?"

"Zamani ulikuwa wetu. Sasa nakuuliza wewe."

"Ni nyumba yangu! Sawasawa na chumba ninacholala!"

"Kweli kabisa, Maulana?"

"Kweli kabisa! Wajumbe hawa ni mashahidi!"

"Haya. Mtu akija nyumbani kwako mchana kweupe, akapiga hodi kwa adabu, huyo ni mwizi?"

"Si mwizi. Huyo ni mgeni."

"Na mgeni kwako hufukuzwa?"

Sultani akawatazama wajumbe. Wajumbe wakamtazama Sultani.

"Nyumba hii haijapata kumfukuza mgeni!" akanguruma. "Mgeni wangu nampokea mimi mwenyewe!"

"Ahsante, Maulana. Nimesikia."

Bi Mize akajitwika kapu lake, akaenda kuwaambia majirani.

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, mlangoni pakavuma: "Hodi! Hodi! Hodi!" Mtaa mzima. Mafundi cherehani, wasuka mikeka, wanafunzi wa chuoni, na mzee mmoja asiye na safari yoyote, amekuja kutazama tu. Sultani akashuka, kilemba upande. Juu roshani wajumbe walikuwa wakinywa kahawa.

"Karibuni," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Wakapita uani hadi mlango wa stesheni. Hapo wakasimama.

"Mbona hamtoki?"

"Tunaaga, Maulana," akasema Bi Mize. "Kwetu sisi mgeni husindikizwa. Au kwako hutoka peke yake kama paka?"

"Bawabu atawasindikiza!"

"Kwani aliyetukaribisha ni bawabu?"

Kule roshani vikombe vikatulia. Sultani akatabasamu kwa shida, akawasindikiza mpaka stesheni. Anarudi anafuta jasho, anasikia: "Hodi!" Kundi jingine. Jioni gari likawarudisha, hodi ikapigwa mlango wa pili, naye akawasindikiza hadi Shangweni. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Makubazi ya dhahabu yakakatika kamba. Miguu ikavimba. Tumbo lake, lililozoea kufika kabla yake, sasa likawa linafika pamoja naye. Na wajumbe nao walikuwa hawaondoki! Waliona raha mno.

Bi Mize, kwa upande wake, vitumbua vyake vilikuwa vikifika stesheni vya moto, na vinasindikizwa kwa heshima ya kisultani.

Hatimaye Sultani akaketi chini mlangoni, akavua makubazi, akayatupa huko.

"Bi Mize, nimeshindwa. Uwanja wenu, njia yenu. Ukuta nitaubomoa. Sitaki kuona mgeni tena maishani mwangu! Nenda zako!"

Bi Mize akashukuru kwa heshima zote. Akaweka kapu lake sawa kichwani. Akabaki amesimama palepale.

"Unangoja nini tena? Si nimekwisha kusema?"

"Umesema, Maulana. Lakini ukuta bado umesimama, kwa hiyo bado niko nyumbani kwako. Vaa viatu."