Mwene Ntandala na Ukungu wa Ilenga

Tulieni, watu wa Ugendwe, mzisikie habari za siku zile mababu zetu walipokuwa koo tisa zisizopeana hata kaa la moto, kabla hajainuka Ntandala mwana wa Sikalenga, mjukuu wa Mwatosi mfua chuma, Ntandala Kifua cha Mwamba, aliyewatimua wavamizi katika korongo la Ilenga kwa mkuki mmoja, kisha akakubali kutawala akiitwa Mwene, kwa sharti walilompa: mkuki ule usitoke nyumbani mwake mpaka koo zote tisa ziseme ndiyo. Kwa kuwa alilitii sharti hilo, yeye ambaye angeweza kumvunja yeyote shingo, watu walimpenda kuliko baba zao.

Sauti ya ukoo wa tisa ilikuwa ya Bibi Nyamwasi, mjane aliyezika wana watatu. Kwake Ntandala alikuwa wa nne.

Mwaka mmoja ukungu ulipanda kutoka kinamasi cha Ilenga, jua likiwa utosini, ukagoma kuondoka. Ndani yake wafu waliita. Walimwita mtu kwa jina lake na la ukoo wake, na aliyeitika aliacha chungu jikoni, akaingia humo, asionekane tena. Siku ya saba Nyamwasi aliwasikia wanawe watatu wakimwita kwa pamoja. Akauma ngozi aliyojitanda mpaka ufizi ukatoka damu, asiitike.

Ntandala akaliita baraza, akaomba ruhusa ya kuingia ukunguni na mkuki wake. Koo nane zikasema kwa machozi, "Nenda, Mwene." Nyamwasi akanyamaza.

Ntandala akapiga goti. "Mama, bila neno lako siendi."

"Basi kaa."

"Nitakaa. Lakini watu watakwisha."

Hapo ukungu ukamwita mjukuu wa Nyamwasi, mtoto wa siku arobaini aliyempakata pale barazani, na kile kichanga kikageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Nenda, mwanangu," akasema Nyamwasi.

Ntandala akautwaa mkuki, akatamka mbele ya wote: "Tangu leo, aitwaye kwa jina la ukoo asiitike. Jina lenu ni moja: Wagendwe."

Akaingia. Walisikia chuma kikigonga chuma, kisha kicheko cha watu wengi, kisha kimya. Ukungu uliposhuka, topeni zilionekana nyayo zake zikienda, na kandokando yake nyayo za umati zikimsindikiza. Za kurudi hazikuwepo. Siku hiyo koo tisa zililia kilio kimoja.

Miaka ikapita. Nyamwasi, macho yamefifia, alishikwa na ukungu akitoka kuokota kuni. Mbele yake sauti ya kiume ikasema, "Mgendwe, pita huku." Akaifuata hatua kwa hatua mpaka mkono wake ukagusa mlango wa nyumba yake. Jioni hiyo akapakua chakula cha watu wawili.

Tangu hapo hakuna Mgendwe aliyepotelea ukunguni, wala hakuna aliyethubutu kuharakisha hatua amfikie anayemwongoza.