Jicho la Fisi

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haimbembelezi mtu.

Palikuwa na nyumba moja iliyoishi kwa picha za kuchapa. Bi Nambuo alitunga hadithi za wanyama. Binti yake, Sikujua, alizichonga kwenye ubao. Mkwewe, Mkwanda, mume wa Sikujua, aliupaka ubao wino, akaukandamizia karatasi, picha ikatoka. Kila mmoja fundi hasa.

Mwaka wa njaa, Bi Nambuo alisimulia habari za Fisi aliyepewa ghala alinde, akalila lote. Ili kuinogesha, akamtia Fisi chongo. Sasa, jumbe wa mji alikuwa na chongo la jicho la kulia, na ufunguo wa ghala anao yeye. Bi kizee si mjinga. Akasema chongo la Fisi ni la kushoto.

Sikujua akachonga kushoto, vilevile alivyoambiwa. Njaa ilimzungusha kichwa, akasahau jambo alilolijua tangu utoto: ubao hugeuza. Cha kushoto hutoka kulia kwenye karatasi.

Mkwanda alibandua karatasi ya kwanza, akamwona jumbe waziwazi. Akamtazama mkewe alivyokondeana kwa kazi ile, akaona huruma kumwambia aanze upya. Akanyamaza, akachapa nyingine, akaenda kuzitundika sokoni. Watu wakacheka, jamani, watu ambao hata kula hawajala.

Jumbe hakucheka. Aliwaita wote watatu.

"Mmenitoa jicho mbele ya watu," akasema. "Kesho mniletee moja. Chagueni wenyewe la nani. Mkishindwa, nachukua yote sita."

Nyumbani, Sikujua aliogopa, tena akaona haya kwa kuogopa kwake. Akamwambia mama kwamba chongo lilitoka kinywani mwake. Mama akajibu kwamba alisema kushoto, na masikio Sikujua anayo. Kisha wote wakamgeukia Mkwanda, aliyeona akafunga mdomo.

"Nilinyamaza kwa ajili yako," Mkwanda akamwambia mkewe. Na ni kweli.

Asubuhi walisimama uani kwa jumbe, kisu kinanolewa. Jumbe akamnyooshea Sikujua kidole.

"Wewe ndiye uliyechonga. Taja jina."

Haya, msinikodolee macho mimi. Najua mtasema mwovu ni jumbe. Ni kweli, lakini kisu kiko mkononi mwake. Yupo mama aliyemtia Fisi chongo, yupo mume aliyenyamaza, na yupo Sikujua mwenyewe aliyesahau. Ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Na jioni, mkikaa kula, ungemtazama vipi?