Zawadi ya Bwana Shamte

Mara mbili Bwana Shamte mwenye duka alimuuzia Tausi, mchoma mihogo, redio ya mfukoni iliyokata sauti kabla taarifa ya habari haijaisha. Alipolalamika, Shamte alimcheka. "Masikio ya mihogo yatajua nini kuhusu redio?"

Siku moja Tausi alirudi kwa adabu. "Bwana Shamte, baba mkwe wako kanituma nimnunulie redio ya kukuzawadia. Ni siri, lakini wewe ungependa ipi?"

Shamte akavimba kichwa. Akatoa moja chini ya meza. "Hizo za rafuni ni za washamba. Hii inashika stesheni zote." Akatia betri mpya, akapunguza na bei.

Mwezi ulipopita bila zawadi, alimfuata Tausi jikoni pake. Redio ile ilikuwa ikiimba mfukoni mwa Tausi.

"Baba mkwe wangu anasemaje?"

"Simjui," alijibu Tausi akigeuza mihogo. "Ila umenichagulia vizuri."