Pipa la Kwanza la Mzee Chilongani

Mzee Chilongani alikuwa na mapipa saba ya divai, nje kidogo ya Dodoma, nayo ndiyo yaliyokuwa heshima ya ukoo wake. Babu yake ndiye aliyeyapanga ghalani. Kabla divai haijamaliza kuchachuka aliitia spiriti ya zabibu, utamu usipotee, kisha akaiacha izeeke. Akaacha na desturi: kila mavuno, kinachochotwa pipa la kwanza kifidiwe kutoka la pili, la pili kutoka la tatu, hivyo hivyo mpaka la saba, linalotiwa divai ya mwaka huo. Maana mbao hunywa, na hewa hunywa. Pipa lisiloongezwa hujimaliza lenyewe.

Mzee aliporithi, yale sita akayauza moja moja. La kwanza akaliziba kwa lakiri. "Vidivai vya juzi visiguse pipa la babu," alisema. Miaka ishirini halikuingia tone.

Binti yake, Sechelela, akarudi na digrii ya mambo hayo hayo ya divai. Akazungusha sivii mpaka soli zikaisha. Kila intavyuu wimbo mmoja: ekspiriensi, ekspiriensi, nenda, tutakupigia. Mwishowe akaomba kazi kwa baba yake. Naye, mzazi kabisa, akampima juu mpaka chini: "Uzoefu wako uko wapi?" Sechelela akameza uchungu. Akakamua zabibu zilizokataliwa sokoni, akazifanyia kama alivyofanya babu, akaihifadhi divai yake kwenye pipa la kuazima nyuma ya jiko.

Ghala likatimiza miaka mia. Mzee akaalika ukoo, kanisa, na wakubwa wa ofisi zilizomkataa Sechelela, na vitambi vyao, waje wanywe pipa la babu. Siku nne kabla, akavunja lakiri, akagonga. Pipa likalia kama ngoma. Chini kabisa palibaki kama lita mbili, nyeusi, nzito kama asali ya nyuki wadogo. Mzee akaketi sakafuni. Jina la ukoo lilikuwa limeishia hapo.

Sechelela akaliviringisha pipa lake mpaka ghalani. Mzee akanyoosha mkono kumzuia, kwa mazoea tu.

"Baba," binti akasema, "na hii ya babu, siku inaingia humu, ilikuwa na uzoefu gani?"

Mkono ukashuka.

Sechelela akaimimina divai yake ndani ya pipa la babu. Lilivuja kwanza. Kisha mbao zikavimba, zikashikana. Ile nyeusi ikaitia changa rangi na utulivu, na changa ikaifufua nyeusi. Siku ya nne vigelegele vilitikisa mabati. Mzee akaonja, akamkabidhi binti yake ufunguo wa ghala mbele ya wote. Wakubwa wale wale wakasukumana kuomba glasi ya pili.

"Nendeni," Sechelela akawaambia, "tutawapigia."

Nanyi mnaokalia mapipa huku mkiwauliza vijana uzoefu: lenu mmeligonga lini?