Chungu cha Mwisho cha Subilaga

Jivu la moto halitoi chungu. Mmeisikia methali hii leo, pale yule bwana aliyetaka kuoa kabla ya arobaini ya mkewe alipokanywa, nanyi mkacheka. Basi acheni kucheka, wajukuu zangu, maana neno hili halikuzaliwa katika kicheko.

Katika kijiji cha wafinyanzi, kando ya Ziwa Nyasa, aliishi mjane Tusekile na bintiye wa pekee, Subilaga. Siku moja binti alifinyanga chungu, akakizungushia shingoni alama za kidole gumba, akakianika kivulini. Kabla hakijakauka, homa ikamchukua.

Tusekile hakulia. Alingoja chungu kikauke, kisha alfajiri akakifunika kwa kuni na nyasi, akawasha.

Kijijini hapo palikuwa na mwiko. Moto ukishazima, mfinyanzi hukaa kimya kando ya jivu mpaka aweze kuzamisha mkono ndani yake asiungue. Hasemi, hachokoi. Wazee walisema kuwa saa hizo chungu kimekwisha kutoka mikononi mwa mtu, na Mungu ndiye anayekimalizia.

Kufika adhuhuri, kimya kilikuwa kimemlemea Tusekile. Alitazama lile tuta la jivu akaona ni kaburi la pili. La kwanza alilifukia kwa mikono yake. Hili angeweza kulifukua. Akaokota kipande cha mti.

Wifi yake, Ambwene, alikuwa ameketi naye.

“Wifi, weka huo mti chini.”

“Nataka nikione tu.”

“Utakiona. Jivu halijapoa.”

“Wewe una watoto sita! Mmoja akipotea, utajua saa ya kula, ugali ukibaki!”

“Nitukane mpaka jivu lipoe,” Ambwene akasema. “Matusi yako hayavunji kitu. Keti, wifi yangu.”

Tusekile hakuketi. Alichomeka mti jivuni, akakiinua chungu. Kilitoka chekundu kama jua la asubuhi, kizima, alama za Subilaga zikiwa shingoni moja baada ya nyingine. Tusekile akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

“Kizima! Umeona? Kizima!”

Hapo upepo wa ziwa ukavuma. Chungu kikalia mara moja, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini, kikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Ambwene alisogea, akampa bega.

Ndipo Tusekile alipolia, kilio chote alichokuwa amekizuia. Kilipokwisha, hakuondoka. Alikaa kando ya jivu tupu mpaka likapoa, kimya, akingoja asichokijua. Jioni alizamisha mkono. Jivu lilikuwa laini, lenye uvuguvugu kama kitanda alikotoka mtoto muda mfupi uliopita.

“Nilidhani Mungu amenyamaza kwa kuwa amenitupa,” alimwambia Ambwene. “Kumbe alikuwa kazini, nami nikaitoa kazi mikononi mwake.”

Alihifadhi kigae kimoja cha shingo ya kile chungu. Maisha yake yote, alipomwona mfiwa anayetaka kuyaharakisha majonzi yake, alimpa akishike, aweke gumba lake palipokuwa gumba la Subilaga. Kisha alisema neno moja tu, bila kuinua sauti:

“Jivu la moto halitoi chungu.”