Saa Kumi za Sultani

Palikuwa na Sultani Hilali wa Rasi Nyota, aliyenidai mimi, Shebe fundi saa, saa kumi za maisha yake. Sitanii, wenzangu. Alinidai kweli, mimi ambaye saa ya ukutani kwangu imesimama mwaka wa tatu, na mke wangu hujua adhuhuri kwa harufu ya wali wa jirani.

Sultani alikuwa amesafiri kwa ndege hadi mji wa Marsadi, mbali huko machweo. Aliondoka kwetu saa mbili asubuhi. Alipofika alitazama jua la kule, akaona bado ni asubuhi, akarekebisha saa yake kwa jua hilo, kama tulivyozoea: saa nne. Siku ya kurudi akaondoka Marsadi saa mbili asubuhi, akatua kwetu saa mbili usiku. Kesho yake nikaburutwa barazani nikiwa na kandambili mguu mmoja.

"Kwenda saa mbili, kurudi saa kumi na mbili," akasema Sultani. "Ndege ile ile, njia ile ile. Saa hii uliitengeneza wewe. Saa kumi zangu ziko wapi? Usipozitoa, kila saa moja ni mwaka mmoja gerezani."

Miaka kumi. Mimi mwoga, lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Maulana, ulipokwenda ulifanya nini angani?"

"Nilikunywa chai, nikalala, nikaota, nikaamka nikala wali, nikalala tena."

"Na kurudi?"

"Vivyo hivyo."

"Yote hayo kwa saa mbili, Maulana? Mimi mlafi, lakini hata mimi singeweza."

Waziri wake, aliyesimama kando, akakohoa. Sultani akakunja uso.

"Unataka kusema nini?"

"Kwamba ndege ilikaa angani saa saba kwenda, na saa saba kurudi. Ulipotua Marsadi saa nne asubuhi, hapa kwetu ilikuwa saa ngapi?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akajibu kwa sauti ndogo, "Saa tisa, Maulana. Alasiri ilikuwa inakaribia."

"Basi sisi asubuhi yetu imekwisha," nikasema, "na Maulana bado yumo katika ya kule. Hizo saa tano ulizipata wapi?"

"Nilizikuta kule."

"Ukazitumia?"

"Kwa nini nisizitumie? Nilinyolewa, nikazunguka sokoni, nikala kwa mwenyeji wangu."

"Uliomba kwa wenyewe?"

"Sultani haombi."

"Basi ulipoondoka walichukua zao tano; tano za kwenda na tano za kurudi ndizo kumi unazonidai, nawe ukafika kwetu kama ulivyotoka, huna zaidi wala pungufu."

Nilijua nimevuka mpaka, na jasho lilishafika kwenye ile kandambili moja. Sultani akainuka kitini.

"Fundi, huoni haya? Unaniambia mimi nimetumia mali ya watu?"

"La, Maulana, sithubutu. Ninakuombea tu wasisikie kule Marsadi kwamba kwa sheria yako, saa moja ni mwaka mmoja gerezani."